Mia kwa Mia

Jumatatu ya kwanza ya mfumo mpya, Mzee Halo alimuunganisha bwana mmoja na chumba cha maiti. Bwana yule alikuwa ameulizia habari za mkewe aliyeingizwa chumba cha upasuaji ili ajifungue. Katika miaka kumi na tisa ya kupokea simu za hospitali Mzee Halo hakuwahi kukosea namna ile, na alijua amekosea kabla simu haijapokelewa upande wa pili, ila mfumo mpya haukuwa na njia ya kuirudisha simu iliyokwisha kuondoka.

Ilikuwa hivi. Mzee Halo hakuwa anaona tangu utotoni, na swichibodi ya zamani aliijua kwa vidole kama mtu anavyojua vifungo vya shati lake. Mfumo mpya ulikuwa ndani ya kompyuta, na kompyuta ilimsomea skrini kwa sauti kwenye hedifoni: sikio la kushoto mpigaji, sikio la kulia mashine. Juu ya skrini palikuwa na saa ndogo ya kuhesabu muda wa kila simu, na mashine iliitangaza saa hiyo kila ilipobadilika, na saa ya sekunde hubadilika kila sekunde. "Chumba cha," mashine ilianza kusoma orodha, ikajikatisha yenyewe, "sekunde kumi na mbili. Chumba cha, sekunde kumi na tatu." Kwenye sikio la kushoto bwana wa watu alikuwa analia. Mzee Halo akakisia mstari, akabonyeza, kumbe alikuwa mstari mmoja juu ya pale alipotaka.

Yule mke hakufa. Alizaa mtoto wa kike, mnene, na wote wawili wakatoka salama. Lakini mumewe, aliposikia sauti ya upole ikimwambia "chumba cha maiti, nikusaidie," alianguka kwenye ngazi za ofisi yake akapasuka kidevu, na kufika saa sita mchana alikuwa amesimama mbele ya Katibu wa hospitali na plasta yake, akitaka kujua ni mpumbavu gani anayepokea simu hapo.

Barua ya Katibu ilitoka saa tisa. Ilikuwa ya karatasi, imefungwa, imeandikwa SIRI juu ya bahasha, na kwa kuwa mwenyewe hawezi kuisoma, ilibidi asomewe na mhudumu wa chai, ambaye aliisoma polepole na kwa sauti ya juu hadi watu wa dirisha la malipo wakaacha kuhesabu chenji. Barua ilisema kwamba baada ya siku thelathini opereta atapimwa kwa simu arobaini. Akishindwa kuunganisha thelathini na tano kwa usahihi, atastaafishwa mapema kwa manufaa ya hospitali.

Mzee Halo alipapasa ukuta wa korido hadi ofisini kwa Katibu.

"Bwana Katibu, hii mashine inaongea wakati wagonjwa wanaongea. Haininyamazii hata sekunde moja."

"Mzee wangu, kaa." Katibu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa mafaili. "Mfumo huu tumeununua kwa ajili yako. Umekaguliwa kwa viwango vya kimataifa vya tovuti na mifumo kwa watu wenye ulemavu. Umepata mia kwa mia. Mimi nina cheti hapa. Sasa kama mfumo umepata mia, nani hajapata?"

Mzee Halo alikuwa na la kujibu, lakini lilihusu nyumba yake, na mambo ya nyumbani hayasemwi ofisini.

*

Jambo lenyewe ni kwamba mfumo ule ulitengenezwa na shemeji yake.

Injinia, kama walivyomwita tangu amalize chuo, alikuwa mdogo wa mwisho wa mkewe, mtu mzima wa miaka thelathini na tatu, na alikaa nao chumba cha nyuma. Kampuni yake ndiyo iliyopata zabuni. Aliifanya kazi ile miezi mitano akimwambia kila mtu kwamba anamtengenezea shemeji yake, na kweli alikuwa anamtengenezea. Hilo ndilo lililouma.

Mke wa Mzee Halo alikuwa fundi cherehani, na sebule ndiyo iliyokuwa karakana yake: sare za shule zimelundikwa kwenye kochi, meza ya kulia imejaa vipande vya kola. Watu wa nyumba hiyo walikula wameshika sahani mkononi. Jioni ile alisikiliza habari yote bila kusimamisha mashine, kisha akaondoa mguu kwenye kanyagio.

"Mdogo wangu," alisema, "umesikia ulichomfanyia mume wangu?"

"Dada, nimefuata kiwango neno kwa neno."

"Nimekuuliza umesikia."

"Nimesikia." Injinia aliweka sahani juu ya sare. "Shemeji, nikueleze. Kigezo kinasema hivi: kila badiliko la hali kwenye skrini litangazwe kwa mtumiaji, asilazimike kulitafuta. Saa ni hali. Inabadilika. Nikaitangaza. Nisingeitangaza ungesema nimekuficha."

"Nani kakwambia nataka kujua sekunde?"

"Kiwango."

"Na mimi hukuniuliza, wakati nakaa chumba cha pili."

Ukweli ni kwamba Injinia alitaka kumshtukiza kwa zawadi. Alikuwa ameujaribu mfumo peke yake, macho yamefumbwa, ofisini penye utulivu, bila mtu yeyote kumsemesha kwenye sikio la pili, na aliposikia sekunde zikisomwa moja baada ya nyingine alijisikia mtu mwema sana.

"Izime basi hiyo saa," alisema dada yake.

"Ni dakika ishirini tu kuweka kitufe cha kuinyamazisha."

"Inuka ukaweke."

"Nikiweka, mashine ya ukaguzi inaona saa ambayo haitangazwi. Mia inakuwa tisini na saba. Mkataba wa hospitali unasema mia. Bosi wangu kasema nikigusa mstari mmoja, tunakaguliwa upya kwa gharama yetu na mimi nitafute kazi nyingine." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Labda kiwango chenyewe kibadilike."

"Kwani kinabadilika?" aliuliza Mzee Halo. "Mimi nilidhani ni kama sheria ya mizani, imeshawekwa."

Ndipo Injinia alipoeleza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ikapata nguvu. Kuna kikundi kazi, alisema, watu wa nchi nyingi, wengine wa makampuni, wengine wa vyuo, wengine hawaoni au hawasikii, wanakutana kwa mtandao kila Jumatano. Wanaandika rasimu, wanaiweka wazi, mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuitolea maoni, na kila maoni lazima yapewe namba na yajibiwe. Wanarekebisha, wanaiweka wazi tena. Kisha kila kigezo kinajaribiwa sehemu zaidi ya moja kuonekana kama kinafanya kazi kweli. Wakikubaliana wote, ndipo kinakuwa kiwango. Na rasimu ya toleo jipya ilikuwa wazi kwa maoni hadi siku kumi na moja zijazo.

"Wote wakubaliane?" aliuliza mkewe. "Hawapigi kura?"

"Kura ni mpaka washindwe kabisa. Wanatafuta maelewano."

"Na hiki cha sasa kilichukua muda gani?"

"Miaka saba."

Mkewe alicheka, lakini si kicheko cha kufurahi, akarudisha mguu kwenye kanyagio. Simu yake ikaita juu ya lundo la sare, na kabla haijaita mara ya pili Mzee Halo alikuwa ameshaipokea. "Hospitali, halo," alisema, kisha, "samahani, ni nyumbani. Nani mwenzangu?" Alifanya hivyo miaka yote. Mteja wa sare alikuwa amezoea, akasema anaomba wodi ya mafundi cherehani.

*

Maoni yaliandikwa Jumapili mchana, kwenye laptopu ya Injinia, na yaliandikwa kwa ugomvi. Mzee Halo alisema kwa Kiswahili, Injinia akaandika kwa lugha ya kikundi, na kila baada ya sentensi Mzee Halo alitaka arudishiwe.

"Nimesema mashine inanipigia kelele kazini. Umeandika nini?"

"Nimeandika kwamba utangazaji unaojirudia unaathiri ufanisi wa mtumiaji."

"Mimi sijasema ufanisi. Nimesema kelele. Na waambie habari ya yule bwana."

"Shemeji, hawa ni watu wa viwango, hawataki hadithi."

"Kama hawataki hadithi, ya nini wanaomba maoni?" aliuliza Mzee Halo. Mke wake, kutoka kwenye cherehani, alisema andika hadithi. Injinia akaiandika. Aliandika polepole, maana kila neno lilikuwa linashtaki kazi yake mwenyewe, na chini palikuwa na nafasi ya kutaja mfumo unaohusika. Aliiacha wazi. Wote wawili walijua ameiacha wazi na hakuna aliyelisema.

Maoni yalipewa namba 318. Kwa siku tisa ikawa kimya, na kila asubuhi kwa siku hizo tisa Mzee Halo alikwenda kazini kuhesabiwa sekunde. Alijifunza kuwaambia wapigaji warudie mara tatu. Wengine walimtukana. Mama mmoja alimuuliza kwa huruma kama amelewa. Jioni masikio yalimuuma hadi akawa hawezi kukaa karibu na cherehani, akawa anakula kibarazani peke yake, na mkewe akashona polepole makusudi, jambo lililochelewesha sare za watu.

Siku ya kumi jibu likaja. Walimshukuru sana. Maoni yake yangejadiliwa kikao cha Jumatano ya wiki iliyofuata, saa nane mchana kwa saa za huku, na alikaribishwa kuhudhuria.

*

Saa nane mchana ni saa ya kazi. Katibu alimpa nusu saa ya chakula na kumkumbusha kwamba zimebaki siku tisa. Mzee Halo alijifungia kwenye stoo ya mashuka, mahali pekee palipokuwa kimya hospitali nzima, akakaa juu ya furushi la mashuka masafi akiwa na simu yake na spika ndogo ya sikioni. Lugha ya kikao aliijua kiasi cha kujitetea, aliijifunza kwenye kozi ya uopereta.

Walikuwa waungwana. Mwenyekiti, mwanamke mwenye sauti ya mwalimu, alisoma maoni namba 318 yote, pamoja na habari ya yule bwana na kidevu chake.

"Naunga mkono," alisema mwanamke mwingine, ambaye naye hakuwa anaona. "Hili nimelisema miaka minne. Tuliwalazimisha waseme, tukasahau kuwaambia wanyamaze lini."

"Sipingi," alisema bwana mmoja wa kampuni. "Lakini tutalipimaje? Kigezo lazima watu wawili wakikipima wapate jibu moja. Kelele ni nini? Maneno mangapi kwa dakika?"

Mwenyekiti akampa Mzee Halo nafasi.

"Mimi naomba kitu kimoja," alisema. "Mtu akiongea na mimi, mashine inyamaze."

"Mashine haijui kama kuna mtu anaongea na wewe, bwana."

"Basi mimi nijue kwa niaba yake. Nipeni kitufe cha kuinyamazisha."

Pale, wenzangu, palikuwa na kigezo kizima, kinachopimika, kimetoka kwa mtu aliyekaa juu ya mashuka. Kitufe kipo au hakipo. Na wapo waliolisikia. Lakini muda wa ajenda ile ulikuwa umebaki dakika nne, na watu walianza kuandikiana ujumbe pembeni, na programu ya kikao, ambayo nayo ilifuata kiwango, ikaanza kumsomea Mzee Halo kila kitu. "Ujumbe mpya: nakubaliana na hoja. Mshiriki ametoka. Ujumbe mpya: tunaweza kuliweka kama maelezo ya ziada. Mshiriki amejiunga." Chini ya sauti hiyo, mbali, aliisikia sauti ya mwenyekiti ikisema jambo refu linaloishia na swali. "Ujumbe mpya: sawa. Ujumbe mpya: sawa. Ujumbe mpya: mia kwa mia." Mzee Halo alibana spika sikioni kwa vidole viwili. Alipokuja kupata sauti ya mwenyekiti safi, ilikuwa inasoma ajenda nyingine, ya rangi za maandishi.

Muhtasari wa kikao ulifika jioni ile ile, maana watu wale kwa kuandika ni hodari. Injinia aliusoma sebuleni.

"Maoni 318. Pendekezo: liongezwe kwenye maelezo ya ziada, yasiyo ya lazima, na kigezo kifikiriwe katika toleo la baadaye. Mwenyekiti aliuliza kama kuna pingamizi. Hakukuwa na pingamizi. Mtoa maoni alikuwepo kikaoni."

"Nani hakuwa na pingamizi?" aliuliza Mzee Halo.

"Wewe. Ulinyamaza."

"Sikunyamaza. Sikusikia swali."

"Kwao ni kitu kimoja, shemeji."

Mzee Halo hakuwa mtu wa hasira za karibu. Siku hiyo alisimama, akatafuta mlango, akaukosa kwa sababu ya lundo la sare ambalo halikuwepo asubuhi, akalipiga teke likasambaa chini. Mkewe aliziokota moja moja, kisha akamgeukia ndugu yake.

"Toleo la baadaye ni lini?"

"Sijui. Miaka miwili, mitatu."

"Yeye ana siku tisa."

"Dada, najua kuhesabu."

"Hilo tunalijua wote," alisema dada yake. "Mpaka sekunde."

Baadaye kidogo, akiwa bado na muhtasari mbele yake, Injinia alisema kuna mstari mwingine chini: uamuzi unabaki wazi siku tano za kazi, na mwenye pingamizi anaweza kulileta kwa maandishi, likiwa na ushahidi.

*

Ushahidi ulitengenezwa pale pale sebuleni, Jumamosi asubuhi. Simu za hospitali haziwezi kurekodiwa, ni siri za wagonjwa, kwa hiyo mkewe akawa mpigaji. Injinia aliandaa mfumo wa mia kwenye laptopu, na pembeni yake mfumo wenye kitufe, ambao ulimchukua, kama alivyosema, dakika ishirini. Alivaa hedifoni kuhakikisha inasikika, akataka kumkabidhi shemeji yake.

"Hapana," alisema Mzee Halo. "Mimi wameshanisikia. Kaa wewe."

"Mimi naona."

"Fumba."

Mkewe alimfunga ndugu yake macho kwa kipande cha kitambaa cha sare, akaenda chumbani na simu, akafunga mlango. Mwanzoni alipiga kama mtu anayeigiza, anauliza maabara, anauliza duka la dawa. Kufikia simu ya nne alikuwa hatanii tena. Alikuwa mama ambaye mtoto wake ameungua. Alikuwa mzee anayekohoa na kusahau. Alikuwa bwana wa watu ambaye mkewe yuko chumba cha upasuaji, na sijui aliitoa wapi sauti ile, lakini Mzee Halo aliyekaa kwenye kochi aliinamisha kichwa.

"Rudia, dada," Injinia alisema. "Rudia. Ngoja. Rudia tena, sijakusikia." Vidole vyake vilitafuta, vikabonyeza. Jasho lilitokea juu ya kitambaa. Simu ya nane aliiunganisha na stoo ya dawa badala ya wodi ya watoto, akaisikia mashine ikimthibitishia kosa lake na kumwambia limechukua sekunde arobaini na moja.

Kati ya simu kumi alipata tatu. Kwa mfumo wenye kitufe, kumi nyingine, alipata tisa. Alifungua kitambaa akabaki amekishika.

"Shemeji, nisamehe," alisema.

"Andika," alisema Mzee Halo. "Andika tatu, andika tisa. Si wanataka namba?"

Waliandika. Waliambatanisha rekodi zote ishirini na matoleo yote mawili ya mfumo. Safari hii Injinia alijaza ile nafasi ya chini: jina la kampuni, jina la mfumo, jina lake.

Pingamizi lilipokelewa Jumatatu. Lingejadiliwa, walisema, Jumatano ya wiki inayofuata. Mtihani wa Mzee Halo ulikuwa Ijumaa ya wiki ile ile, siku tano kabla.

*

Ijumaa chumba cha swichibodi kilijaa. Alikuwepo Katibu na saa yake, afisa manunuzi na faili, na Injinia aliyekuja kwa niaba ya kampuni, amevaa tai aliyofungiwa na dada yake. Kabla hawajaanza, Injinia alitoa flashi mfukoni.

"Naomba apimwe na toleo hili. Lina kitufe kimoja zaidi. Ushahidi wa kwamba linafaa ninao."

Katibu aliiangalia ile flashi bila kuigusa. "Lina mia?"

"Lina tisini na saba. Lakini ile mia, bwana Katibu, nimeijaribu mwenyewe macho yamefungwa, na sikuweza."

"Kiwango kimebadilika?"

"Kitabadilika. Jumatano watakaa."

"Basi tukutane kikishabadilika," alisema afisa manunuzi. "Mimi nikisaini tisini na saba, mkaguzi wa hesabu atanila mzima. Leta karatasi inayosema tisini na saba ni bora kuliko mia, nasaini sasa hivi." Hakuwa anakejeli. Alikuwa tayari kabisa kusaini, karatasi ndiyo iliyokosekana.

Mzee Halo alivaa hedifoni. Alipokea simu arobaini kwa adabu ile ile ya miaka kumi na tisa, "Hospitali, halo," na mashine ikamhesabia. Kuna wakati alitaka kuivua na kuitupa ukutani, na alijizuia kwa sababu kulikuwa na mtu upande wa pili, hata kama ni karani wa mapokezi aliyepewa karatasi ya kuigiza. Alipata ishirini na sita.

Wakamuaga wiki iliyofuata. Walimpa cheti cha utumishi bora, kimewekwa kwenye fremu nzito ya kioo, na mhudumu wa chai akamsomea.

*

Jibu la maoni namba 318 lilikuja baada ya miezi tisa ya vikao na majaribio. Wakati huo Mzee Halo alikuwa anageuza kola na kuzipiga pasi, kazi ambayo vidole vyake viliiweza vizuri na yeye aliichukia. Injinia alikuwa bado chumba cha nyuma. Bosi wake hakumfukuza, alimpunguzia miradi, na sasa kila mfumo alioshika alimletea kwanza shemeji yake auponde.

"Limekubaliwa," alisema Injinia. Alisimama mlangoni na laptopu mkononi. "Si maelezo ya ziada. Kigezo kamili. Sikiliza: tangazo lolote linalojirudia lenyewe liwe na njia ya kunyamazishwa na mtumiaji kwa kitendo kimoja, bila kupoteza matangazo mengine. Ushahidi, rekodi ishirini zilizowasilishwa na mtoa maoni. Limeshajaribiwa sehemu nne."

Mzee Halo aliweka pasi kwenye kisahani chake.

"Ni kitufe changu kile."

"Ni kile kile."

"Cha dakika ishirini."

"Ndiyo, shemeji." Injinia akaendelea kwa sauti ndogo. "Wanauliza kama umeridhika na jibu. Kuna sehemu mbili za kuchagua, umeridhika au hujaridhika. Usipojibu ndani ya siku kumi na nne, watahesabu umeridhika."

"Nikisema sijaridhika?"

"Linarudi kikaoni. Na toleo hili linafungwa mwezi ujao, huenda likalikosa."

Cherehani ilikuwa imesimama. Mzee Halo alikaa na lile swali, na alikuwa na hasira nalo kuliko alivyokuwa na hasira na Katibu, na afisa manunuzi, na mashine yenyewe. Alitaka waulize kwa namna nyingine. Alitaka pawe na sehemu ya tatu. Lakini mahali fulani alikuwepo opereta mwingine, mwanamke au mwanamume, anayeambiwa wiki hii kwamba amenunuliwa mfumo mpya kwa ajili yake.

"Lete hapa," alisema. "Nibonyeze mwenyewe, wasije wakasema nilinyamaza."

Injinia alimwekea kidole mahali pake. Mashine ya laptopu ikasoma: nimeridhika, imechaguliwa. Akabonyeza. Jibu lako limepokelewa, ilisema, ahsante, kisha ikatulia.

"Umeridhika kweli, mume wangu?" aliuliza mkewe.

"Nimejibu."

Akaishika tena pasi. Juu ya lundo la sare simu ya mkewe ikaita mara moja. Ikaita mara ya pili. Injinia na dada yake walimtazama, naye alikuwa ananyoosha ncha ya kola kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu ambaye hakusikia. Ikaita mara ya tatu, na ya nne, na mwishowe mkewe akainuka kutoka kwenye cherehani akaenda kuipokea mwenyewe.